Tusimlaumu mwizi peke yake



Kila taarifa za watu zinapovuja, kampuni hulia kuwa imeibiwa. Nasi wasomi tunaipa pole, kisha tunawageukia ndugu zetu: "Badilisheni maneno ya siri!" Hapo tunakosea. Kabla ya kuuliza nani kaiba, tuulize ghalani mlikuwa na nini, na kwa nini kilikuwa bado kimo.

Chukueni miji mitatu ya hapa Marekani ambako ndugu zetu wengi wamehamia. Columbus, mwaka 2005, kampuni ya viatu ya DSW iliibiwa taarifa za kadi zaidi ya milioni 1.4. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilieleza kuwa kampuni ilikuwa ikihifadhi taarifa isizozihitaji tena. Mwaka 2012 ikawa zamu ya bima ya Nationwide, ya mji huohuo: watu milioni 1.27. Baadhi yao walikuwa wameulizia bei tu, wala hawakununua bima! Mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa majimbo zaidi ya 30 dola milioni 5.5. Piga hesabu: ni kama dola 4 kwa kichwa, na hata hizo zilikwenda serikalini.

Louisville, Mei 2023, hospitali za Norton Healthcare zilivamiwa. Walioguswa ni kama milioni 2.5. Nakubali, hospitali haina budi kutunza kumbukumbu. Lakini mgonjwa atabadilisha nini? Neno la siri hubadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa na maradhi havibadilishwi.

Buffalo ndiko hoja inakokamilika, maana huko si lazima mwizi avunje mlango. Mji huo unajulikana kwa kampuni za kukusanya madeni. Jake Halpern, katika kitabu chake Bad Paper cha mwaka 2014, anaonyesha orodha za wadaiwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa, mkono hadi mkono, hata mtu akadaiwa na asiyemdai. Anayeathirika zaidi ni mnyonge anayeogopa simu ya kwanza na kulipa.

Sasa jamani, neno la siri lina kosa gani hapo? Madhara yanaanzia kwenye kulimbikiza na kuuza. Tukiombwa namba zetu dukani, tusione haya kuuliza: ya nini, na mtaifuta lini?

Nawasilisha.