Kilio cha Mwana na Kimya cha Jirani

Oktoba 2016 mkanda wa video kutoka Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya ulionyesha walimu wa mafunzo wakimpiga mwanafunzi mmoja kwa pamoja. Serikali iliwachukulia hatua, lakini kiboko chenyewe kilibaki halali shuleni.

Fasihi ifanye nini? Ireland ilitoa Ripoti ya Ryan mwaka 2009 kuhusu watoto walioteswa katika taasisi zilizoendeshwa na watawa. Claire Keegan, katika *Small Things Like These* (2021), hakutosheka kuwashutumu watawa. Alimsimamisha muuza makaa ya mawe mbele ya mji mzima uliojua ukanyamaza.

Kiswahili kilikuwa kimeanza mapema. *Rosa Mistika* (1971) ya Kezilahabi ilifichua ukali wa baba unavyomwangamiza binti, ikapigwa marufuku shuleni. Kilichoadhibiwa ni kioo, si sura.

Malenga wa pwani nao wana deni. Methali "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe" imempa mpigaji kinga kwa muda mrefu. Malumbano, utanzu uliozoea kuuliza na kujibiwa, yaihoji. Mwana akilia Mbeya au Iringa, Pemba au Lamu, beti ya kwanza imwulize jirani aliyesikia.