Jeki ya Hedifoni Haikupaswa Kuingia Kwenye Kibodi

Kibodi ya vipande viwili ikifa mikononi mwa anayeanza, lawama yote huangukia solda. Atawasha tena chuma, atachoma upya miguu yote ya mikrokontrola ya Pro Micro, atapima dayodi moja moja kwa mita, na ataishia kubandua shaba kwenye bodi isiyo na hatia. Mara nyingi mkosaji amekaa ukingoni, kwenye tundu la milimita 3.5, na hakuna anayemtazama. Kuunganisha nusu mbili za kibodi kwa TRRS, yaani jeki hiyo ya hedifoni yenye njia nne, ni uamuzi mbovu. Ulikuwa mbovu kwenye kibodi ya ErgoDox, na kila aliyenakili baadaye alinakili ubovu huo pamoja na mazuri.

Mazuri yapo: safu zilizopangwa kufuata urefu wa vidole, faili zilizoachwa wazi kwa kila mtu, programu ya QMK inayokubali karibu kila unachokitaka. Tusonge.

ErgoDox ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliweka mikrokontrola ya Teensy 2.0 kulia, chipu ya MCP23018 kushoto, na itifaki ya I2C ikazungumza katikati. Hiyo ni nyaya nne: umeme, eathi, data na saa. Ukihitaji kiunganishi chembamba, cha bei ndogo, chenye njia nne, na ni enzi ambayo kila simu inauzwa na hedifoni yenye maiki, jibu linakujia lenyewe. Naelewa lilivyokuja. Sielewi lilivyodumu. Kibodi ya Let's Split ikalichukua, Lily58 ikalichukua, Sofle pia. Corne yenye vitufe 42 huzungumza kwa waya mmoja tu wa data, kwa hiyo haihitaji hata njia nne, na bado tundu ni lile lile.

Sasa ingiza plagi polepole, uangalie kinachotokea ndani. Plagi ina pete nne zilizopangana kwenye mhimili mmoja, na ndani ya jeki kuna ndimi nne za chuma zinazozisubiri. Ncha ya plagi haiwezi kufika kwake bila kupita kwenye ndimi za wenzake. Ikisimama hatua moja kabla ya mwisho, ulimi wa umeme unakuwa umelalia pete ya data, na volti 5 zinakimbilia mguu wa mikrokontrola ulioko upande wa pili. Ikisimama nusu hatua, ulimi mmoja unakanyaga pete mbili kwa pamoja, na hapo ndipo umeme na eathi vinapoweza kukutana. Hiyo ni shoti kamili, na imetokana na umbo la kiunganishi chenyewe. Fundi hajakosea kitu. Mikrokontrola ya ATmega32U4 inayofanya kazi kwa volti 5 huenda ikanusurika; RP2040 ni chipu ya volti 3.3, na kama waya umebeba 5, mguu wake umekwenda.

Wala usidhani ni lazima mtu achomoe kwa makusudi. Kibodi iligawanywa ili isogezwe. Unasukuma nusu ya kushoto upate nafasi ya sahani, waya unakaza, plagi inatoka milimita mbili, na kompyuta bado inawaka. TRRS haina kufuli. Ile nusu inanyamaza, unaisukuma plagi irudi, na kwa kuirudisha unapitisha shoti kwa mara ya pili.

Watetezi wana jibu moja: maelekezo yanasema usichomeke wala usichomoe kukiwa na umeme. Kweli yanasema. Lakini tazama maelekezo hayo yanapigana na nini. Jeki hii ni mtoto wa ile ya milimita 6.35 iliyotumika kwenye mitambo ya simu tangu karne ya 19, ambako waendeshaji walichomeka na kuchomoa mchana kutwa, laini zikiwa hai. Walkman ya 1979 ikafikisha jeki ndogo ya aina hiyo mifukoni mwa watu. Mkono wa binadamu umefundishwa kwamba tundu hili halina hatari, na kwa sauti ni kweli: shoti ya sauti ni mkwaruzo masikioni basi. Kukabidhi usalama wa chipu kwa onyo la mstari mmoja, dhidi ya mazoea ya aina hiyo, ni uvivu wa mbuni.

Wazee hawakufanya hivi. Lillian Malt na Stephen Hobday, pale Uingereza miaka ya 1970, waliitenganisha mikono kwenye kibodi ya Maltron kwa mabakuli mawili ndani ya ganda moja, na Kinesis wakafuata njia hiyo mwaka 1992. Kati ya mkono na mkono hakuna kitu cha kuchomoa. Najua nitaambiwa hizo si vipande viwili. Haya, Keyboardio Model 01, iliyochangishiwa fedha mwaka 2015, ni vipande viwili hasa, na iliunganishwa kwa waya wa mtandao wa RJ45: ndimi zimekaa bega kwa bega, kila moja inagusa ya kwake tu, na klipu inafunga. Hata plagi ya kawaida ya USB ilifikiriwa, maana ndimi zake za umeme na eathi ni ndefu kuliko za data, ziguse kwanza. Kuhusu unene wa RJ, sina huruma. Watu wale wale wanaolilia milimita tano hubandika skrini ya OLED juu ya mikrokontrola ili waangalie picha ya paka.

  

Anayechora bodi yake ya kwanza kwa programu ya Ergogen leo hana sababu ya kurithi. Aweke kiunganishi cha waya wa mkonga wa simu ya mezani, njia nne, chenye klipu. Akitaka USB-C katikati ya nusu, sawa, ila apange njia zake akijua kwamba siku moja mtu atachomeka tundu hilo kwenye kompyuta. Akishindwa kabisa kuachana na TRRS, basi rizista kwenye waya wa data na fyuzi kwenye waya wa umeme. Kupanga upya pete hupunguza hatari, hakuiondoi.

Na mwenye bodi tayari mezani aikague plagi kabla ya kununua waya. Ule wa kuunganisha simu na redio, unaojaa madukani Kariakoo na Luthuli, kwa kawaida una mistari miwili ya plastiki, yaani TRS. Shina lake refu linaziunga ndimi mbili za mwisho za jeki muda wote. Kama mbuni wako aliweka umeme na eathi hapo, shoti haitasubiri usogeze sahani. Unaotakiwa una mistari mitatu. Uchomeke pande zote mbili USB ikiwa nje, kisha pima kwa mita kati ya umeme na eathi. Mita ikilia, acha hapo hapo.