Klabu, Kilabu na Rungu: Neno Moja la Kiingereza Mjini Moshi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliombwa kufasiri barua ya shule moja iliyoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Barua hiyo, kwa Kiingereza, iliwaarifu wazazi kwamba kila mwanafunzi sharti ajiunge na "club" moja au zaidi. Nami, bila kufikiri sana, nikaandika kwamba kila mwanafunzi atajiunga na kilabu. Mzee mmoja aliposomewa barua ile aliuliza kama walimu nao watakuwa wakinywa pamoja na watoto. Hakuwa akifanya mzaha. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama neno hili kwa hadhari.

Katika Kiingereza "club" ni neno lenye matawi mengi, lakini shina lake ni moja. Lilitoka katika lugha za Skandinavia, na maana yake ya kwanza ni fimbo iliyo nene upande mmoja, yaani rungu. Kutoka hapo twapata kirungu cha askari, na fimbo za wacheza gofu, ambao Moshi wanao katika klabu yao iliyo upande wa Shanty Town. (Jina hilo nalo lingestahili makala yake: kwa Kiingereza ni mtaa wa vibanda, lakini mjini Moshi ndio mtaa wa nyumba kubwa na miti ya kivuli.)

Tawi la karata lapendeza zaidi. Mwingereza huliita rungu lile jani la pande tatu, ingawa halifanani na rungu hata kidogo. Sababu ni kwamba alama aliichukua kwa Wafaransa, na jina likatokana na karata za Wahispania, ambazo zilichorwa marungu hasa. Waswahili wa pwani walikuwa na jina lao tangu zamani, pau, walilolipata kwa Wareno pamoja na shupaza, kopa na uru; na katika Kireno neno hilo ni fimbo. Basi mcheza karata wa pwani na Mwingereza wasema jambo moja, kila mmoja kwa njia yake. Wengine siku hizi husema maua, nao ndio walioitazama karata yenyewe.

Katika karne ya 17 Waingereza walianza kulitumia neno hilo kama kitenzi chenye maana ya kuchanga fedha, aghalabu kwa ajili ya kulipia chakula na vinywaji katika nyumba za wageni za London. Waliochanga wakaitwa kwa jina hilo, na baadaye nyumba waliyokutania ikaitwa vivyo hivyo. Maana hii ndiyo iliyotufikia.

Ilipotufikia iligawanyika. Kinywa cha Mswahili hakikuzoea konsonanti mbili zifuatane hivi, kwa hiyo kiliingiza irabu, kama kilivyofanya katika gilasi na bulangeti. Lakini katika gilasi irabu ile haikuleta jambo, na hapa ilizaa silabi ki-, ambayo msikilizaji huitambua mara moja kuwa ni kiambishi cha ngeli. Kilabu kikawa na wingi wake vilabu, kama vile kitabu cha Waarabu kilivyopata vitabu, na kipilefti cha barabarani kikapata vipilefti. Aliyesoma Kiingereza akabaki na klabu, isiyobadilika.

Wako walimu wanaofuta kilabu kwa wino mwekundu na kusema ni matamshi ya wasiosoma. Sikubaliani nao. Kama yangekuwa matamshi mawili ya neno moja, mtu angeweza kubadilisha moja kwa jingine popote. Jaribu: Klabu Bingwa Afrika haiwi Kilabu Bingwa, na mtu anayeshinda kilabuni, kuanzia Kibosho hadi Marangu, hakuna anayemdhania kuwa anacheza gofu. Haya ni maneno mawili. Kinachotatiza ni wingi, kwa maana magazeti huandika klabu ya Simba, na mstari wa pili yakaandika vilabu vya Ligi Kuu, wala hakuna anayeshtuka. Umoja umetengana, wingi umekataa kutengana. Na barua yangu ilianguka katika ufa huo.

Wala kilabu cha mbege si uharibifu wa maana ya asili. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na ganda la msesewe huipa uchungu wake. Wanaume hukaa kwenye mabenchi, huchanga, na kata hupita mkono kwa mkono. Mwingereza wa karne ya 17 angeingia humo akajua yuko wapi. Kwenye uwanja wa gofu angehitaji kuelezwa.

Yafaa kuuliza pia kwa nini neno chama halikutosha. Mkoani Kilimanjaro chama lilikwisha kupata kazi nzito: Kilimanjaro Native Co-operative Union ya mwaka 1933 na vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa vililifanya liwe neno la mizani, hisa na daftari la hesabu, kisha siasa ikalichukua. Mtoto anayependa kuchora ndege wa porini Jumatano jioni hawezi kuambiwa ameingia chama bila babu yake kuuliza kadi ni shilingi ngapi.

Ndiyo maana sipendezwi na desturi ya kamusi zetu za lugha mbili ya kupanga rungu, chama, klabu, kilabu katika mstari mmoja na kuvitenga kwa mkato, kana kwamba mfasiri achague apendavyo. Kilabu kistahili kidahizo chake, pamoja na maelezo ya mahali kinapotumika na wingi wake unaotumiwa na wawili.

Barua ile niliiandika upya kwa neno vikundi. Mzee aliridhika. Mimi bado, kwa kuwa kikundi hakina mlango, hakina ada, wala hakina mtu wa kukataliwa kuingia.