Mtu wa Tisa Mezani

Nilianza kusoma The Mythical Man-Month cha Fred Brooks kwenye simu, ndani ya matatu, siku niliyoambiwa nisirudi tena kazini. Rafiki aliyenitumia faili aliandika tu: soma, utajiona humo. Nimekimaliza, mara mbili hata. Sijajiona.

Kwanza tukipe haki yake. Kilitoka 1975, na bado kinasomeka kuliko vitabu vingi vya usimamizi unavyovikuta vimepangwa supamaketi. Brooks alikuwa amesimamia OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, kazi iliyochelewa na kula pesa kuliko ilivyopangwa. Ilipopamba moto ilikuwa na watu zaidi ya 1000. Ukihesabu kazi yao yote kuanzia 1963 hadi 1966, mwenyewe anakadiria, unapata kama miaka 5000 ya mtu mmoja. Mkubwa aliyepitia hayo angeandika kitabu cha kujitetea. Yeye anataja makosa yake, tena kwa ucheshi, na kwa sentensi za mtu anayependa lugha.

Hoja iliyompa jina ni fupi: mradi wa programu ukishachelewa, ukiongeza watu utazidi kuchelewa. Kuna kazi zinazogawika. Kuchuma majani chai Kericho, ongeza mikono na kikapu kinajaa haraka. Mimba haigawiki, na huo ndio mfano wake maarufu: huwezi kuwapa wanawake tisa mwezi mmoja mmoja. Programu iko katikati ya hayo mawili, kwa sababu kila mtu lazima aelewane na mwenzake. Watu 4 wana njia 6 za kuongea wawili wawili. Wakifika 9, njia ni 36.

Kwetu sisi tuliolelewa na kidole kimoja hakivunji chawa, nchi iliyoandika Harambee kwenye ngao yake, hii inakaribia kuwa tusi. Lakini pwani walishasema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Iangalie vizuri methali hiyo. Inalaumu manahodha, mabaharia haiwagusi. Brooks anafika hapo hapo: tatizo lake kubwa ni vichwa vingi vinavyobuni kitu kimoja.

Dawa anayoipendekeza, aliyoichukua kwa Harlan Mills, ni timu ya watu kumi iliyopangwa kama chumba cha upasuaji. Mmoja anashika kisu. Wengine wanamhudumia: mhariri, mjaribu programu, fundi wa vifaa, hata makarani wawili. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Yuko msaidizi wa karibu, sawa, lakini naye anaijua kazi yote, amepungukiwa uzoefu tu. Huyo daktari alijifunzia wapi? Nani alivumilia maswali yake ya kijinga? Katika kumi hao sioni nafasi ya mtu anayekuja hajui.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, nikajifunza mengine kwa bando za usiku. Kampuni moja changa hapa Nairobi ilikuwa inatengeneza programu ya mikopo ya simu, wamechelewa miezi miwili, wako wanne. Jumatatu moja bosi akaleta watano kwa mpigo. Nilikuwa wa mwisho kuingia, wa tisa, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya meza.

Jamaa aliyeandika sehemu ya kukokotoa riba alivua hedifoni kila nilipomuuliza kitu. Hakuwahi kunifokea. Alikuwa anavua tu, polepole, na ningeona ile fikira aliyokuwa nayo ikimtoka. Wiki ya pili nikaona aibu kuuliza. Nikabahatisha. Bahatisho langu liliwala wikendi nzima, wote wanne.

Kwa hiyo sibishani na hesabu ya Brooks. Nimekuwa ndani yake. Ninachobishana nacho ni mahali alipokaa akiipiga. Ni kiti cha meneja, na ukiwa pale mgeni anaonekana kama saa alizokula za wengine. Alipokirudia kitabu 1995 alikubali kwamba sheria yake ni ya juujuu, na akakubaliana na utafiti unaosema watu wakiongezwa mapema hasara hupungua. Nikashukuru, halafu nikaona bado ni mradi ndio unaopimwa. Yule aliyeongezwa atafanywa nini baadaye, hajauliza. Msomaji wa aina ya bosi wangu anaweza kufunga kitabu hiki akiwa na amani kabisa: tulikosea kuwaajiri, tuwatoe. Alitutoa wote watano wiki ya saba, hapo ndipo nilikuwa nimeanza kuielewa ile riba. Nilikuwa nimeandika upya hesabu ya mtu anayelipa nusu nusu, na ikafanya kazi.

Jamaa wa hedifoni bado tunaongea. Wiki jana alinitumia ujumbe saa nne usiku. Wamebaki wawili sasa, na alitaka kujua ile hesabu ya malipo ya nusu inafanyaje, maana hakuna mahali iliandikwa. Nilimpigia. Tuliongea dakika arobaini, kwa kredo yangu.