Kitufe Kinachojibu

Ukiigeuza kibodi ya kompyuta ya Commodore 64 kifudifudi mezani, kinachokukabili kwanza ni skrubu. Ni ndogo na nyingi, zimetapakaa mgongo mzima wa bodi ya saketi, na kila moja inataka bisibisi nyembamba na subira. Ukidhani umemaliza, bodi bado inagoma kutoka. Kuna nyaya mbili za kitufe cha SHIFT LOCK zilizoshikwa kwa lehemu, nazo lazima zifunguliwe kwa chuma cha moto. Nimeifanya kazi hii mara nyingi kiasi kwamba mkono unajua njia. Hata hivyo, bodi inapoinuka na vile vidonge vyeusi vya raba yenye kaboni vikajitokeza, kimoja chini ya karibu kila kitufe, huwa natulia kidogo kabla ya kugusa chochote.

Hapo ndipo kompyuta inapokutana na mtu. Kidonge kinashuka, kinalalia mistari miwili ya bodi ambayo bila hicho haikutani, umeme unapata daraja, herufi inatokea kwenye kioo. Kidole kikiondoka, springi inakiinua tena. Vitufe viko 66. Kati yake 64 vimepangwa katika wavu wa njia nane kwa nane, na takriban mara 60 kila sekunde kompyuta huupitia wavu huo, njia moja baada ya nyingine, ikiuliza nani amebonyezwa. Vinabaki viwili. SHIFT LOCK haina anwani yake, ni pacha wa SHIFT ya kushoto, wanatumia njia moja. RESTORE iko nje ya wavu kabisa, nayo nitairudia.

Watu wanaopenda kompyuta za nyumbani za miaka ya themanini hubishana sana kuhusu kibodi ipi ilikuwa bora, na ubishi wenyewe huishia kwenye ladha: huyu anapenda vitufe laini, yule anataka vizito. Mimi nina kipimo kimoja. Kila swichi ina matukio mawili ndani yake, lile linalouhusu mkono na lile linalouhusu umeme. Kidole kinahisi kitu, na mahali fulani saketi inafungika. Ufundi ni kuyafanya matukio hayo mawili yawe moja, ili kidole kisiambiwe ndiyo wakati umeme umesema bado. Dereva wa gari la gia anakijua kipimo hiki: hatazami chini, mkono wenyewe unamwambia gia imeingia. Gia ikihisika imeingia kumbe haijaingia, hata barabara iliyonyooka inakuwa na mashaka.

Kwa kipimo hicho sijaona kazi iliyo safi kuliko ya Richard Hunter Harris wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1978. Springi nyembamba inasimama wima ndani ya mrija. Unabonyeza, inastahimili, inaendelea kustahimili, halafu ghafla kiuno chake kinashindwa. Inapinda, inagonga ukuta wa mrija, na kwa kupinda kulekule inakiinamisha kinyundo cha plastiki kilichoko chini yake. Katika kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981 kinyundo hicho hakiunganishi waya na waya. Kinasogea karibu na bodi na kubadilisha uwezo wake wa kushika chaji, na saketi inayapima mabadiliko hayo. Mlio unaousikia, mshtuko unaouhisi kwenye nyama ya kidole na ishara inayokwenda kwenye kompyuta vyote vimezaliwa na kupinda kumoja. Hakuna aliyeongeza mlio ili kukufurahisha. Ukiusikia, herufi imekwenda.

Inauma kukumbuka kwamba kampuni hiyohiyo, mwishoni mwa 1983, ilizitangazia familia za Marekani kompyuta ya PCjr ikiwa na vitufe vidogo bapa vilivyoachana kama vipande vya jojo, visivyo na maandishi juu yake. Herufi ziliandikwa kwenye fremu, pembeni ya kila kitufe. Wanunuzi walilalamika hadi mwaka 1984 kampuni ikatengeneza kibodi nyingine na kuwapa bure wale waliokwisha kununua. Ujuzi ulikuwepo nyumbani. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba anayechapa akiwa sebuleni ana vidole vilevile vya yule anayechapa ofisini.

Lakini siungani na wanaoitupa ZX Spectrum kwenye kapu hilohilo. Kompyuta hiyo ya Sinclair ya Uingereza ilitoka mwaka 1982 kwa pauni 125 ikiwa na kumbukumbu ndogo, wakati BBC Micro ya Model B, yenye swichi kamili chini ya kila kitufe, iliuzwa pauni 399. Rick Dickinson, aliyesanifu umbo lake, alikuwa na nafasi finyu na pesa finyu zaidi. Akatandika utando wa plastiki wenye njia za umeme, juu yake mkeka mmoja wa raba wenye vitufe vyote 40, na juu ya mkeka bamba la chuma lenye matundu. Basi. Pale ambapo wengine walihitaji springi na vijiti kwa kila herufi, yeye alikuwa na vipande vitatu.

Bonyeza kitufe cha Spectrum polepole. Kinanywea kama tende mbivu, na hakuna mahali kinapokuambia kwamba sasa imetosha. Kwa kipimo changu kimeshindwa, na nakiri hivyo. Ila tazama walivyolifidia pengo hilo upande wa pili. Neno zima la programu limewekwa kwenye kitufe kimoja: ukigonga P mwanzoni mwa mstari, PRINT inajiandika yote, ukigonga J, inakuja LOAD. Mtoto aliyetaka kupakia mchezo kutoka kwenye kaseti aligonga J, akashika SYMBOL SHIFT na kugonga P mara mbili kupata alama za kunukuu, halafu ENTER. Mpango huo ulirithiwa kutoka kwa kompyuta zilizotangulia za Sinclair na ulikuwa na sababu zake nyingine, lakini kwa kidole matokeo yalikuwa neema. Kibodi isiyojibu vizuri iliulizwa maswali machache. Adui wa Spectrum wala si kidole, ni umri. Mikia miwili ya utando, mmoja wenye njia tano na mwingine nane, hukauka, na siku unapoifungua ili kutazama tu, inakatika kama jani la mwembe la kiangazi.

Narudi mezani kwangu. Kibodi mbili za Commodore 64 zinazofanana kwa macho huenda si ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa waliozitengeneza walikuwa zaidi ya mmoja, Mitsumi ya Japani ikiwa miongoni mwao. Ziweke sambamba, fumba macho, bonyeza H ya huku na H ya kule. Moja inashuka kwa uzito ulio sawa toka juu hadi chini na kutua kwa kishindo kikavu. Nyingine ni nyepesi kidogo, na ukiipapasa kwa pembeni kofia inacheza. Ukizifungua unakuta springi za urefu tofauti na miguu ya kofia isiyokubali kubadilishana. Ni vitu vya kushikwa mkononi, kwa maana hakuna picha inayoweza kuvionyesha. Zote mbili hazina ule mvunjiko wa kiuno wa Harris, kidole kinaambiwa habari mwisho wa safari tu. Hata hivyo habari yenyewe ni ya kweli, kwa sababu kidonge kinatua pale ambapo kidole nacho kinatua.

Isipokuwa kidonge kikichoka. Kaboni ikipauka au uchafu ukitanda, kidole kinatua na umeme haufiki. Mara ya kwanza nilipokutana na hali hiyo nilisugua vidonge kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria, na baada ya hapo herufi tano zilizokuwa zikisuasua zikafa kabisa. Nilikuwa nimeiondoa kaboni yenyewe. Sasa nachovya pamba ya masikio kwenye spiriti, naikamua hadi ibaki na unyevu tu, na kugusa kila kidonge kwa mzunguko mmoja bila kukikandamiza. Mistari ya bodi naipangusa upande mmoja, nageuza pamba, naipangusa tena. Vidonge 65, kimoja baada ya kingine, maana SHIFT LOCK ina swichi yake ya peke yake inayojifunga na kujifungua. Si kazi ya haraka na siitaki iwe ya haraka.

Baadaye skrubu zote zinarudi, kwa mkono mwepesi, kwani plastiki ya miaka 40 haitaki kukazwa. Nyaya mbili za SHIFT LOCK zinapata lehemu mpya. Nachomeka, nawasha, kioo kinakuja na buluu yake na kiashiria kinachopepesa. Napita vitufe safu kwa safu hadi vyote vimejibu, kisha nabakiza RESTORE. Ishara yake hupitia kapasita ndogo, nayo kapasita haipitishi mguso wa polepole. Ukikibonyeza kwa adabu hakuna kinachotokea. Nashikilia RUN/STOP kwa mkono wa kushoto, nainua kidole cha kulia, nakipiga RESTORE kama mtu anayepiga karata mezani. Kioo kinafutika. Juu, upande wa kushoto, inaandikwa READY.