Kosa ni la Nani katika "Rosa Mistika"?

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, "Rosa Mistika", ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1971. Kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, kisha ikarejea madarasani. Walioiogopa walidai kwamba inafundisha uasherati. Baadhi yetu tunaoifundisha tumeigeuza kuwa onyo kwa wasichana. Pande zote mbili zimemkazia macho Rosa peke yake.

Hebu turudi kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe. Zakaria, mlevi anayempiga mkewe Regina, anagundua kwamba bintiye ameandikiwa barua na kijana Charles. Anampiga vibaya. Hapa ndipo penye kiini cha riwaya. Kipigo kile hakikumfundisha Rosa kuyapima maneno ya mwanamume, wala kumjibu, wala kumkataa. Kilimfundisha kuogopa, basi. Na hofu ya namna hiyo haidumu asipokuwapo mwenye fimbo. Binti anapokwenda kusoma mbali na baba, hana ngao nyingine. Wanaomngojea huko si vijana wa rika lake tu, kwani hata mkuu wa chuo cha ualimu cha Morogoro, aliyekabidhiwa wasichana hao awalee, ni miongoni mwao. Darasani tunauliza maswali mengi juu ya kuporomoka kwa Rosa. Juu ya mkuu huyo tunauliza machache mno.

Tumezoea kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo haimtoshi Regina, mama mvumilivu ambaye, kwa maoni yangu, alistahili kupewa nafasi kubwa zaidi ya kusema.

Kwa upande wa fani, sentensi ni fupi na nyepesi, nazo zinawafaa wanafunzi wetu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Mwandishi mwenyewe alikuwa Mkerewe. Hata hivyo, badiliko la Rosa kutoka msichana mwoga hadi mwanamke asiyejali limeharakishwa. Tena, mwishoni, baba na binti wanaposhtakiana mbele ya Mungu, mwandishi anatutamkia hoja ambazo matendo yao yalikwisha kuzieleza. Mimi husitisha usomaji pale Rosa anapojiua, nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika hukumu yao wenyewe kabla hawajaisoma ile ya kitabuni. Wasichana huandika kurasa nyingi kuliko wavulana.