Bomba la Pikipiki na Hoja ya Usalama

Liko neno ambalo wapandaji pikipiki wa Marekani wamelibandika kwenye jaketi zao na kwenye vyombo vyao kwa miaka mingi: kwamba bomba lenye kelele huokoa roho. Neno hilo limesafiri. Leo hata kijana wa Majengo au wa Malindi, ukimwuliza kwa nini ameitoboa sailensa ya pikipiki yake, aweza kukujibu kwa maana hiyo hiyo ijapokuwa kwa maneno yake: "Mwenye gari hanioni, basi na anisikie."

Wazee wengi wakilisikia jibu hili hulitupa mbali wakasema ni uhuni tu. Sisi hatuoni kuwa hiyo ni insafu. Mtu akitoa hoja, hata akiwa kijana aliyevaa suruali iliyochanika magotini, haki yake ni hoja yake kupimwa. Na hawa si watu wa kupuuzwa. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, bodaboda zimeenea hata nyumba nyingi za pwani hii zala kwa jasho la kijana mmoja ashindaye juu ya kiti cha pikipiki tangu alfajiri hadi usiku. Kijana huyo akisema anaogopa kugongwa, anasema kweli.

Basi tuitazame hoja yenyewe.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ambayo mpaka leo hutajwa kila yanapotajwa mambo ya ajali za pikipiki. Walizichunguza ajali 900 katika eneo la Los Angeles, wakizifuata pale pale zilipotokea, na juu ya hizo wakasoma ripoti 3,600 za polisi. Waliona kwamba pikipiki inapogongana na chombo kingine, mara mbili katika kila tatu mwenye makosa ni yule wa chombo cha pili, aliyemkatia mwenye pikipiki njia yake. Aghalabu yeye husema kuwa hakumwona, au alimwona alipokuwa amekwisha kuchelewa. Hapa kijana wetu amepata shahidi.

Lakini shahidi huyo huyo ana maneno mengine, na asiyeyataka hana haki ya kuyachukua yale ya mwanzo peke yake. Hurt na wenzake waliona kuwa zaidi ya robo tatu ya hatari zilizomfika mpandaji zilitoka mbele yake, ndani ya nyuzi 45 upande wa kulia na nyuzi 45 upande wa kushoto. Gari lililokata kona mbele yake, gari lililochomoza kwenye njia panda, hayo ndiyo yanayoua. Sasa bomba la moshi laelekea wapi? Laelekea nyuma. Nguvu ya sauti yake humwagika nyuma na ubavuni. Anayeisikia vyema kuliko wote ni yule aliyekwisha kupitwa, ambaye hana tena njia ya kumdhuru mpandaji hata akitaka. Na yule wa mbele, ambaye ndiye khasa wa kuogopwa, amefunga vioo, amewasha kipoza hewa, na redio yake yasema. Akiisikia sauti, ataisikia kama mngurumo usio na upande, wala hatajua yatoka kulia au kushoto.

Ni kama mtu aliyemwona nyoka mbele yake akapiga kelele kwa kuwageukia walio nyuma.

Kisha liko jambo ambalo wenye hoja hii hawalitaji kabisa, nalo ni honi. Kila pikipiki imetoka kiwandani na honi, nayo imeelekezwa mbele. Hupigwa inapohitajiwa, na haja ikiisha hunyamaza. Hiyo ndiyo sifa ya sauti ya kuonya, kwamba ina wakati wake. Lau muadhini angeadhini mchana kutwa bila ya kupumua, nani angejua kuwa alasiri imeingia? Bomba lililotobolewa halionyi mtu. Lanena daima, penye hatari na pasipo na hatari, saa nane ya usiku barabara ikiwa tupu kama saa mbili ya asubuhi barabara ikiwa imejaa. Sikio likizoea hulipuuza, kama lilivyozoea mashine ya kusaga mahindi jirani.

Na ripoti ile haikuwaacha wapandaji mikono mitupu. Ilisema kwamba taa ya mbele ikiwashwa hata mchana, na mpandaji akivaa jaketi la rangi ya kuonekana, manjano au ya chungwa au nyekundu kali, hupunguza kwa kiasi kikubwa kuingia ajalini. Tena kuhusu helmeti, watafiti waliokusanya uchunguzi wa nchi mbali mbali mwaka 2008 walipata kuwa hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Basi tumwulize ndugu yetu, kwa upole, bila ya kumdhihaki: wewe uliyetoboa bomba kwa ajili ya kuokoa roho yako, mbona helmeti umeitundika kwenye usukani? Mbona taa ya mbele haiwaki, nawe hujamwambia fundi? Mtu huijua nia yake kwa kutazama alichoanza nacho.

Wako wanaosema kuwa hawataki usalama bali nguvu, kwamba sailensa huinyonga injini. Hili nalo lahitaji maelezo kidogo. Injini ya pikipiki za boda, ya sisi 100 hadi 150, huwa na silinda moja, na kila mizunguko miwili hulipuka mara moja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 katika kila sekunde. Moshi hutoka kwa kishindo, na kazi ya sailensa ni kuupitisha katika vyumba na vijibomba vyenye vitundu mpaka kile kishindo kipoteze nguvu zake njiani. Aliyeiunda injini alilipima bomba hilo pamoja na kabureta na vali, kila kimoja kwa ajili ya mwenziwe. Ukiling'oa tumbo la sailensa bila ya kuipima kabureta upya, mchanganyiko wa petroli na hewa huharibika, injini ikapata joto, na nguvu za mwendo wa chini, ambazo ndizo za kumbeba abiria na gunia lake, aghalabu hupungua. Kinachozidi kwa hakika ni kelele. Mpandaji husikia kishindo akadhani ni mbio.

Tukitaka kujua kelele hii yapendewa nini, tutazame kule ilikotoka. Mwaka 1994 kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani iliomba sauti ya injini zake iandikishwe kama alama yake ya biashara, mtu mwengine asiitumie. Washindani wake walipinga, na mwaka 2000 kampuni ikaliondoa ombi lake. Kilichodaiwa katika ombi hilo hakikuwa kuokoa roho za wapandaji. Kampuni ilidai kuwa watu wakiisikia sauti ile huijua. Yaani ni jina la mtu linalotangazwa kwa injini. Twaelewa. Kijana ambaye mchana kutwa huitwa "wewe boda, njoo" bila ya jina, anapopita mtaani kwao jioni na watu wote wakageuka, amepata kitu ambacho hakukipata kazini. Haja hiyo ni ya kibinadamu, nasi hatumcheki kwa hiyo. Ila na aiite kwa jina lake, asiivike kanzu ya usalama.

Kwani bei yake hulipwa na wengine. Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake yadanganya macho: kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10, na sikio huisikia kama imezidi maradufu. Marekani tangu mwaka 1986 yataka pikipiki mpya ya barabarani isipite desibeli 80 katika kipimo chake. Bomba lililotobolewa likifika 100, hizo si ishirini za kuongeza tu, ni nguvu mara 100. Wataalamu wa afya ya kazi wahesabu kwamba sikio laweza kustahimili desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kwenye 100 ni robo saa. Huyo ashindaye juu ya chombo saa kumi na mbili ndiye wa kwanza kuumia, naye hana habari, kwa kuwa usikivu hupotea kidogo kidogo kama chumvi ya jiwe la mvua.

Kuhusu usingizi, shirika la Bruitparif, linalopima kelele za jiji la Paris, lilikadiria kuwa pikipiki moja ndogo iliyoharibiwa bomba, ikikatiza mji huo usiku, yaweza kuwaamsha watu kiasi cha 10,000. Wafaransa hawakulichukulia kuwa dogo. Mwaka 2022 walianza kujaribu mitambo ya barabarani inayosikiliza kelele na kuipiga picha nambari ya chombo. Sisi hatuna mitambo hiyo, lakini tuna miji ambayo kelele huumiza zaidi. Vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, na vya Mji Mkongwe wa Unguja, vimejengwa kwa mawe pande mbili, na nyumba zake zina madirisha ya kuingiza upepo wa bahari. Sauti ikiingia kichochoroni haina pa kutokea. Yapiga ukuta huu na ukuta ule, yapanda ghorofani, yamkuta mzazi aliyejifungua juzi, mzee wa presha aliyepata usingizi kwa taabu, mwanafunzi mwenye mtihani. Hao hawakuulizwa. Hawakupanda pikipiki wala hawakupata senti yake.

Na Lamu, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilijengwa kwa ajili ya mtu na punda. Wasomaji wetu wayajua maneno ya Luqman kwa mwanawe juu ya kuishusha sauti, na wamjua mnyama aliyetolewa mfano. Lakini punda wa Lamu hulia akanyamaza, na ukimpa majani anakuwa mtu mwema.

Katika sharia zetu jambo hili si geni. Masahaba walipomwambia Mtume, s.a.w., kwamba hawana budi kukaa njiani kwa mazungumzo yao, hakuwakataza. Aliwaambia waipe njia haki yake, na katika hizo haki alizozitaja ni kuizuia adha. Wanachuoni wakaliweka na lile la kutodhuru wala kulipizana madhara kuwa ni msingi wa kuhukumia mambo mengi ya ujirani, kama moshi wa tanuri na maji ya paa. Moshi wa tanuri wamdhuru jirani mmoja au wawili. Je, sauti inayoudhuru mtaa mzima?

Tukisema hivi, wako watakaotujibu: na vipaza sauti vyenu vya misikitini? Swali ni la haki, na afadhali tuliulize wenyewe. Saudia mwaka 2021 iliamuru kuwa vipaza sauti vya nje vya misikiti visitumiwe ila kwa adhana na ikama, na sauti isipite theluthi ya nguvu za chombo. Kamati za misikiti yetu zingelizungumza hilo kabla ya kumkemea mwenye pikipiki, maneno yao yangekuwa na uzito zaidi.

Je, twataka basi pikipiki isisikike kabisa? La. Pikipiki za umeme zimekwisha kuingia Afrika Mashariki, na mwendo wao ni wa kimya. Hapo asiyeona yuko hatarini, kwa sababu yeye barabara huisoma kwa masikio. Jamii iliyompa Ibn Umm Maktum, kipofu, kazi ya kuadhini haiwezi kumsahau mtu huyu. Kwa magari, nchi za Ulaya zimetunga kanuni mwaka 2014 kwamba lile la umeme litoe sauti linapokwenda polepole, mpaka kilomita 20 kwa saa, na tangu Julai 2021 hakuna gari jipya la umeme linalouzwa huko bila ya chombo hicho. Tazama walivyoipima: kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa si chini ya desibeli 56, wala si juu ya 75. Hiyo ndiyo sauti iliyotengenezwa kwa nia ya kuokoa mtu kwelikweli, nayo haimwamshi mtoto aliyelala. Bomba alilolitia kiwandani aliyeiunda pikipiki lasikika na kila anayevuka barabara, na tena jirani halalamiki.

Kanuni nazo zipo. Kenya inazo za kuzuia kelele tangu mwaka 2009, na sheria ya barabarani yataka sailensa inayofanya kazi. Lakini askari akimkamata kijana mmoja leo, kesho fundi atatoboa mabomba matatu. Mwenye kazi hapa ni fundi, na pamoja naye ni mwenye pikipiki, ambaye mara nyingi si yule anayeiendesha bali ni mjomba au jirani aliyeinunua akaikodisha kwa hesabu ya kila siku. Yeye anaweza kusema neno moja jioni anapopokea hesabu yake. Sailensa iliyotobolewa haitengenezeki vizuri, hiyo hununuliwa nyingine. Ile iliyofunguliwa nzima ikawekwa kando, aghalabu bado iko pale pale karakanani, katika rundo la vyuma nyuma ya mlango, na kuirudisha ni kazi ya spana mbili na dakika chache.